Chano cha Mayai Saba

Siku ya kwanza Shaikha alidhani ni mfereji wa choo umeziba. Harufu ya yai viza ilimpiga puani pale tu Jerusha alipofungua sanduku la picha za Lamu, picha ishirini na mbili zenye umri wa zaidi ya miaka mia, ambazo makumbusho yao madogo ya Al Khuwair yalizipata mwaka ule wa 1998 kutoka kwa familia moja ya Mutrah.

"Usijali, dada," alisema Jerusha, Mkenya aliyesomea kazi ya kutunza picha. "Karatasi za zamani zilipakwa ute wa yai. Usizisafishe na maji, tumia mate. Unalowesha pamba kidogo ulimini, unapangusa polepole. Lakini pamba ikishagusa picha isirudi mdomoni. Tupa."

Picha aliyopewa Shaikha ilikuwa ya wanawake kwenye ngoma ya pepo. Mbele yao kulikuwa na chano, sinia la mti, juu yake mayai saba na bakuli la damu. Mwanamke wa katikati alikuwa ameachama, anangoja kulishwa. Shaikha alizama katika kazi hata akasahau, akairudisha pamba ile ile ulimini.

Ladha haikutoka. Alipiga mswaki mara tatu, akatafuna karafuu, wapi! Kila alichokunywa kiliteleza kooni kama ute. Nyumbani kwao Ansab, binti yake Shatha, mwenye miaka sita, ambaye kila adhuhuri humrukia mama yake na kumbusu, alisita mlangoni.

"Mama, mdomo wako unanuka kuku aliyekufa."

Wiki haikwisha. Alasiri moja mumewe, Mahfoudh, alimkuta amechutama mbele ya friji anakula mayai mabichi pamoja na maganda yake, ute unamchuruzika kidevuni hadi kifuani. Shatha alikuwa nyuma ya baba yake. Mtoto alipiga ukelele, akahamia kwa bibi yake siku hiyo hiyo, na kila alipoambiwa arudi alilia mpaka akatapika.

"Nnamjua mtu Wattaya," Mahfoudh alinong'ona alipohadithiwa habari ya picha. "Bi Masouda. Mamake alikuwa fundi wa pepo kulekule Lamu. Nenda na hiyo picha."

Shaikha aliiba picha akaificha ndani ya faili, akijua akionekana kazi hana. Bi Masouda, aliyekaa ghorofa ya juu ya duka la magari, alimfunika shuka, akamfukiza ubani, akauliza kwa upole, "Nani wewe?"

Shaikha akasikia koo lake mwenyewe likijibu, kwa sauti nzito yenye maji.

"Nna ndaa," ilisema, kwa Kiamu cha zamani, ikilalama njaa. "Waliniita, wakaniandalia. Mzungu akaja na sanduku lake la kupigia picha, akawaambia watulie, wasile. Alipomaliza, kiti changu, yule mwanamke niliyempanda, kikaanguka kikafa, chano wakakiondoa. Nataka changu."

Bi Masouda alimfunua. "Mwanangu, huyu hana kinywa ila chako. Akikulisha yeye, atakuzoea. Kula mwenyewe, kwa hiari yako, mpaka aseme ameshiba. Na hatotaka mayai mapya."

Mayai saba yakaachwa juani darini kwa Bi Masouda siku kumi na moja. Shaikha aliporudi, la kwanza lilipasuka kabla halijaguswa, na uvundo wake ukamtoa Mahfoudh mbio hadi ngazini. Alikula. Alikula la pili likiwa la kijani na la tatu likiwa jeusi, akijibana pua, akimeza na matapishi yaliyokuwa yakipanda, kwani Bi Masouda alimwonya kwamba kitakachotoka hesabu yake inaanza upya, na alipofika la saba akakuta ndani mna kifaranga, kimelainika, kina manyoya na kidomo, na koo likakataa kukipitisha kizima, ikambidi akitafune, mifupa ikilia menoni, huku machozi yakimtoka na jina la Shatha likimzunguka kichwani.

"Umeshiba?" aliuliza Bi Masouda.

"Na damu yangu?" likasema jini.

Bi Masouda hakuwa ameandaa damu. Shaikha ndiye aliyejifuta mdomo akasema, safari hii kwa sauti yake mwenyewe, "Kaleteni. Nataka mwanangu anibusu."

Mahfoudh alirudi na damu ya mbuzi kwenye bakuli, imeshaanza kuganda. Shaikha aliinywa yote, bonge kwa bonge. Kisha ukamtoka mbweu mrefu kuliko pumzi ya mtu, na jini likasema, "Alhamdulillahi," likaondoka.

Picha ilirudi sandukuni bila mtu kujua. Ijumaa Shatha aliletwa nyumbani. Alimnusa mama yake kwa mbali, akasogea, akanusa tena, akacheka, akampandia mapajani na kumtolea shavu.

Shaikha aliliona lile shavu, laini, jeupe, lina joto kama yai lililotoka kutagwa, na mate yakamjaa mdomoni. Akaubana mdomo wake kwa kiganja, akageukia ukutani.

"Mtoe, Mahfoudh," alisema. "Mtoe, nakuomba."