Ufunguo wa Pelege

"Twiga anamwita Kumi na Nne."

"Kumi na Nne hapa."

"Ng'ombe wanavuka ziwa leo. Tafuta zizi. Mchungaji wetu yumo. Kwisha."

Redio ikakoroma, ikanyamaza.

Scolastica Kija hakuhitaji kufafanuliwa. Ng'ombe ni bunduki kutoka ng'ambo ya Ziwa Tanganyika. Zizi ni mahali zitakaposhushwa, Karema au Ikola. Na mchungaji ni Isidori.

Isidori aliyemfundisha kulenga shabaha. Isidori aliyejifanya fundi wa injini katika boti ya wafanya magendo hao. Isidori ambaye, tuseme tu ukweli, msichana huyu alikuwa anampenda na hajapata kumwambia.

Ilikuwa asubuhi moja ya mwaka 1996, katika chumba cha uani mtaa wa Majengo, Mpanda. Juu ya meza, kompyuta ndogo ya Toshiba. Kando yake, bastola ya Makarov. Chini ya meza, betri ya lori, maana umeme ulikuwa umekatika tangu jana. Betri hiyo moja ndiyo iliyolisha kompyuta na redio, na ilikuwa imeanza kuchoka.

Idara ya usalama ilimchomoa Scolastica chuo kikuu, Dar es Salaam, mwaka wa tatu wa sayansi ya kompyuta, akiwa katikati ya mradi wake wa mwisho. Mradi wenyewe ulikuwa programu ya kuvunja maandishi ya siri. Walimu wake waliusifu sana. Leo ulipata kazi ya kweli.

Lyamba, tajiri wa mtaa wa Makanyagio aliyeongoza magendo hayo, alikuwa ameutumia boti yake ujumbe kwa milio ya Morse na kuzima redio yake papo hapo, kama kawaida yake; Scolastica aliunasa. Herufi zote zimevurugwa kwa neno moja la siri. Ukilijua neno, unasoma. Usipolijua, unakodolea macho makorokoro.

Programu ilijaribu kila neno la kamusi ya Kiswahili. Ujumbe ungesomeka, kompyuta ingelia.

Haikulia.

HAKUNA NENO, kioo kikaandika.

Akarudia. HAKUNA NENO.

Ajaribu kila mpangilio wa herufi? Akapiga hesabu. Toshiba ingemaliza kazi hiyo bunduki zikiwa zimeshazama porini. Miaka mitatu ya kusoma, na hakuwa na la kufanya. Machozi yakamlenga, akayakasirikia.

Redio ikakoroma tena. Alikuwa Sajini Amosi, na Land Rover yake iliyojaa askari.

"Dada Scola, tuko njiapanda. Twende Ikola ama Kalema?"

"Sijui, kaka."

"Sasa nyie watu wa kompyuta mnajuaga nini? Ikola ama Kalema?"

Kalema.

Scolastica akaganda.

Mama yake husema Kalema. Yeye mwenyewe alisema hivyo mpaka wenzake wa chuo walipomcheka mbavu ziwaume, siku aliyoagiza "wari na maharage". Tangu siku hiyo akauadabisha ulimi. Na programu aliiandika kwa ulimi huo uliokwisha kunyooshwa. Lakini Lyamba hakuchekwa na mtu. Lyamba anaandika anavyosema.

"Mjinga mimi!"

Akaongeza mstari mmoja. Penye R jaribu L, penye L jaribu R.

Toshiba ikalia.

Neno lilikuwa PELEGE. Perege! Samaki wa kila mama lishe. Chini yake ujumbe ukajipanga:

SHUSHA KALEMA MISHENI. FUNDI NI MSARITI. MMALIZE MAJINI.

"Kaka Amosi, Karema! Kimbia!"

"Tumeshaondoka."

Lakini Land Rover haiendi majini. Amosi angezikuta bunduki, na Isidori asingepatikana hata wa kuzika. Yule mwanamume alikuwa anakaza nati za injini ya watu waliokwisha kuambiwa wamuue, naye Scolastica amekaa kwenye kiti, Majengo. Hajapata kujiona bure kiasi hicho.

Kioo cha kompyuta kikafifia. Betri.

Kompyuta au redio. Si vyote.

Akaing'oa waya kompyuta. Akashika penseli, akaandika amri ya Lyamba ambayo Lyamba hakuitoa: MSALITI ASIGUSWE. MLETENI. NITAMUULIZA MWENYEWE.

Akaisoma. Safi mno. Nani angeamini?

Akafuta. Akaacha mkono uandike kama zamani, kabla ya kuchekwa: MSARITI ASIGUSWE. MRETENI KALEMA. NITAMUURIZA MWENYEWE. Akazivuruga herufi kwa neno pelege, kidole kikaanza kugonga Morse kwenye masafa ya Lyamba.

Herufi ya mwisho ikatoka. Redio ikafa.

Basi. Hakuna jibu ambalo lingeweza kumfikia. Nje jirani alikuwa anatwanga mihogo, akiimba, na Scolastica akamchukia kwa ile raha yake. Kila gari lililopita alisimama. Kila lilipopita akaketi. Bastola ilikuwa pale pale mezani, na hapakuwa na wa kumpiga.

Jua lilikuwa linazama Land Rover iliposimama mlangoni. Amosi akashuka, vumbi mpaka kwenye kope.

"Mzigo wote tumeukamata. Na Lyamba wenzetu wamemtia pingu kwake Makanyagio, akiwa anakula."

"Na Isidori?"

Amosi akafungua mlango wa nyuma.

Mtu akateremka taratibu, alama za kamba mikononi.

"Walishanifunga jiwe miguuni," alisema Isidori. "Mara ikaja amri nisiguswe, mkubwa anataka kuniuliza mwenyewe. Mkubwa gani huyo?"

"Mimi."

Isidori akasogea mbele yake.

"Haya. Niulize."

Scolastica akaifunika Toshiba, akaitia mkobani. Akachomeka Makarov kiunoni, akatupa mkoba begani. Kazi ya Mpanda ilikuwa imekwisha; chuo kilikuwa kinamsubiri.

"Nitakuuriza Dar," alisema, na ile R aliichagua mwenyewe.

Akaelekea stesheni ya treni bila kugeuka nyuma.