Maboga ya Ijumaa

"Hili nimelichuma mwenyewe asubuhi hii," Emmett alisema, akimkabidhi Corinne boga dogo la mviringo lililokuwa bado na umande. "Nimepita mstari mzima nikiwaruka wenzake. Nikasema hapana, hili ndilo la mke wangu."

"Mke wako yupi? Mbona hujaniuliza?"

"Nauliza taratibu. Kila Ijumaa nauliza kidogo."

Corinne alicheka, lakini kicheko chake kilikuwa na mwiba ndani. Emmett akambusu kwenye paji la uso, akarudi kwenye pikapu lake lenye matope, akachungulia dirishani.

"Jumapili usisahau krimu! Mama anaisubiri kuliko mahubiri!"

"Nitasahauje?"

Alisubiri pikapu likate kona pale kituo cha mafuta. Kisha akalibeba lile boga akashuka nalo ngazi za chumba cha chini, kule kwenye mashine ya kufulia. Huko, ukutani, yalikuwa yamejipanga maboga mengine, ya kila Ijumaa tangu majani ya Ohio yalipoanza kugeuka rangi. Mengine bado mazima. Mengine yamelegea. Moja la katikati lilikuwa limebonyea na kutoa maji. Corinne akaliweka jipya pembeni, akapanda juu haraka bila kugeuka nyuma.

Jikoni alifungua friji, akatoa chupa ya plastiki ya krimu ya kahawa aliyoinunua dukani, ile yenye picha ya boga na vijiti vya mdalasini. Akaimimina yote kwenye chupa ya kioo. Akafunga mfuniko wa bati, akauzungushia kitambaa cha mirabamiraba na utepe. Ile ya plastiki akaificha mkobani ili akaitupe kazini, kwa sababu majirani wa mtaa ule wana macho hata kwenye takataka.

Nafsi ilimsuta. Ilimsuta kila Ijumaa, na kila Ijumaa alifunga utepe uleule.

Ilianza na neno moja tu. Corinne alikuwa mgeni katika mji ule, mpokea wagonjwa kwa daktari wa meno, hana ndugu hapo. Kanisani, baada ya ibada, watu hunywa kahawa pamoja, na kila mtu huleta alichokitengeneza kwa mikono yake. Chupa ya plastiki kwenye meza ile ni aibu. Basi akamimina krimu ya dukani kwenye chupa ya kioo, akaiweka mezani, akajibanza ukutani. Akaja mwanaume mrefu, mikono ya mkulima, akaonja.

"Nani katengeneza hii?"

"Mimi."

Angeweza kucheka hapohapo na kusema ukweli. Lakini Emmett Brandt alikuwa ameshaanza kuzungumza.

"Wewe dada umeniokoa. Mwaka huu nilitaka kulifyeka shamba la baba, la maboga ya kula, nipande mahindi. Nani anapika boga siku hizi? Wanayachonga macho na meno ya kutishia watoto, wanayaweka barazani, yakioza wanayatupa. Wanachotaka ni harufu yake tu kwenye kahawa. Kumbe bado yupo mtu anayelipika! Basi nitakuletea mimi."

Angemwambiaje tena? Wahenga walisema ukipenda boga, penda na ua lake. Corinne alimpenda Emmett, akampenda na mama yake, Bi Verna. Kulipika hilo boga lenyewe ndiko alikokuwa hajui.

Jumatatu simu ikaita.

"Corinne, umekaa?"

"Nipo kazini, kuna mtu hapa na jino linamuuma. Sema."

"Jumamosi ni sikukuu ya mavuno shambani. Nimekutengenezea meza yako. Nimepaka na ubao: KRIMU YA BOGA YA CORINNE. Herufi kubwa hizo, hata kipofu atasoma."

"Emmett…"

"Na kuna jambo nataka kukuuliza mbele ya watu. Sitaki kusema ni jambo gani."

"Emmett, sikiliza, kuna kitu lazima…"

"Usiniambie huwezi! Shamba lile la maboga nimelibakiza kwa ajili yako. Mama anasema nimerudi kuwa mtu. Haya, mhudumie mwenye jino!"

Simu ikakatika. Corinne alibaki ameishika, na mgonjwa mwenye jino akamwuliza kama yeye ndiye anayeumwa.

Alhamisi akaja Bi Verna. Mama mfupi, nywele nyeupe zilizokatwa karibu na kichwa, hana maneno ya mzunguko. Aliweka chupa tupu ya kioo juu ya meza ya jikoni.

"Nimekurudishia chupa yako."

"Asante, mama. Nikuwekee kahawa?"

"Kaa chini kwanza, mwanangu. Nikuulize jambo la jikoni. Krimu yako, huwa unaitikisa kabla ya kumimina?"

Corinne akababaika.

"Hapana. Yaani, ndiyo. Wakati mwingine."

"Boga la kweli huzama. Uchuje utakavyochuja, ukiilaza krimu kwenye friji, asubuhi utakuta tope la rangi ya chungwa chini ya chupa. Ya mama yangu ilizama, na yangu inazama. Yako imekaa kwangu wiki nzima, laini kama mafuta ya kupaka."

Machozi yalimtoka Corinne.

"Umejua tangu lini?"

"Tangu chupa ya kwanza uliyonipa niende nayo nyumbani."

"Mbona ulinyamaza?"

Bi Verna aliangalia dirishani.

"Kwa sababu mwanangu alikuwa anapiga mluzi. Tangu baba yake afariki sijamsikia akipiga mluzi ghalani. Nikasema, mimi ni nani hata nimnyamazishe? Kwa hiyo na mimi nina dhambi yangu, usidhani umekaa peke yako. Lakini keshokutwa atasimama mbele ya mji mzima aisifu krimu hii. Wakija kujua, watamcheka yeye."

"Nitamwambia."

"Mwambie wewe. Mimi sitamwambia. Ila kwenye meza ile sitakaa."

Corinne alijaribu usiku huohuo kuandika ujumbe. *Emmett, ile krimu…* Akafuta. *Emmett, utanichukia…* Akafuta. Mwishowe akatuma: *Kesho jioni tuzungumze.*

Jibu likaja na mioyo mitatu: *Nakuja mapema! Nina zawadi!*

Mficha maradhi, kifo humuumbua. Ijumaa Corinne alitoka kazini mbio, lakini akalikuta pikapu limeshaegeshwa nje. Katika mji ule milango ya nyuma haifungwi. Sebuleni hakuna mtu. Jikoni kulikuwa na makreti ya chupa mpya za kioo, na mlango wa chumba cha chini ulikuwa wazi.

Emmett alikuwa ameketi kwenye ngazi ya chini kabisa, boga mapajani. Harufu ya kuoza ilikuwa imejaa kote.

"Nilitaka kuweka makreti huku," alisema bila kuinua kichwa. "Nisikujazie jikoni."

Corinne akashuka ngazi moja.

"Hili ni la Ijumaa ya kwanza," Emmett akaendelea. "Nalijua. Nililikwaruza kwa kisu karibu na kikonyo nilipokuwa nalikata, nikaona aibu kukuletea lenye kovu. Ukaniambia, kovu si kitu, nitalipika leoleo."

"Nilisema hivyo."

"Basi nieleze, maana labda macho yangu yananidanganya. Ile krimu unatengenezea nini?"

"Sitengenezi." Sauti yake ilikuwa ndogo. "Ni ya dukani. Yote. Tangu siku ya kwanza."

"Ile ya chupa ya plastiki?"

"Ndiyo."

"Ina boga ndani?"

"Nilisoma nyuma ya chupa. Haina."

Emmett alicheka, kicheko kibaya kisicho na furaha.

"Kwa hiyo nimelibakiza shamba la baba yangu kwa ajili ya harufu."

"Nilitaka kukuambia, naapa."

"Lini, Corinne? Kila Ijumaa nilikuwa nasimama pale mlangoni pako. Kila Ijumaa!"

"Niliogopa utaondoka."

"Ningecheka! Siku ile ya kwanza kanisani, ungeniambia ni ya dukani, ningecheka mpaka nimwage kahawa. Ningekupenda hivyohivyo." Alisimama, akaliweka boga lenye kovu juu ya mashine ya kufulia, taratibu, kana kwamba lingeweza kuumia. "Kesho usije. Ubao nitaung'oa mwenyewe."

Hakubamiza mlango. Hilo ndilo lililomuumiza zaidi.

Corinne alilia hapo kwenye ngazi mpaka machozi yakamchosha. Kisha akainuka, akachagua maboga yaliyokuwa bado mazima, akayapandisha jikoni. Akakata la kwanza, la kovu, akatoa mbegu, akaliweka kwenye oveni. Likaiva. Akaliponda, akalichanganya na maziwa, krimu nzito, sukari ya kahawia, mdalasini, tangawizi, karafuu na kungumanga. Sufuria la kwanza likafurika hadi kwenye jiko. La pili maziwa yakakatika. Akapiga simu.

"Mama Verna, usikate. Emmett ameshajua."

"Najua. Amefika hapa, hasemi na mtu."

"Nielekeze. Si ili anirudie. Maboga yake yanaoza, na mimi ndiye niliyeyaozesha."

Upande wa pili kikasikika kiti kikivutwa.

"Weka simu kwenye spika," Bi Verna alisema. "Punguza moto. Maziwa yasichemke, yatoe moshi tu. Na karafuu umeweka kiasi gani?"

"Nyingi kidogo."

"Mungu wangu."

Asubuhi alimtumia Emmett ujumbe: *Nakuja. Sitakuomba unirudie. Nakuja kuwaambia watu, wasije wakakucheka wewe.* Akaona umesomwa. Jibu halikuja.

Shambani kulijaa watu, watoto wakirukaruka juu ya marobota ya nyasi, akina mama na pai zao. Ubao ulikuwa bado pale. KRIMU YA BOGA YA CORINNE. Labda hakupata muda wa kuung'oa, au mkono ulimgomea. Foleni ilikuwa imeshajipanga, na mbele yake Bi Trudy, kinara wa wanawake wa kanisa, kikombe mkononi.

"Haya binti, tumiminie!"

Corinne aliweka chupa zake chache mezani.

"Kabla sijamimina, nina neno. Krimu mliyokunywa kanisani vuli yote hii, ilikuwa ya dukani. Niliimimina tu kwenye kioo. Emmett hakujua. Aliniletea maboga, nikayaficha chini ya nyumba yangu, nikamdanganya usoni."

Bi Trudy akakohoa, akamsogelea sikioni, ingawa kunong'ona kwake kulisikika mpaka ghalani.

"Mwanangu, hicho ndicho kisa cha kujiaibisha? Nusu ya wanawake wa kanisa hili wanamimina ya dukani. Mimi mwenyewe ganda la pai sijalikanda tangu goti lianze kuniuma."

Akina mama kadhaa walianza kuangalia viatu vyao. Mtu mmoja nyuma akacheka. Ingekuwa rahisi Corinne naye acheke, na mambo yaishie hapo.

"Nyinyi hamkupokea maboga yake kila Ijumaa, Bi Trudy," alisema. "Mimi nilipokea."

Emmett alikuwa nyuma yao, amebeba kreti la matofaa. Hakuna aliyejua amesimama pale kwa muda gani. Akaliweka chini, akaja mezani, watu wakampisha. Akachukua chupa moja, akaiinua kwenye mwanga. Chini yake kulikuwa na tope zito la rangi ya chungwa. Akalitazama muda mrefu.

"La kovu?"

"Limo. Ndilo lililoanza."

Akaitikisa chupa, akamimina kwenye kahawa ya Bi Trudy bila kuomba ruhusa, akanywa. Akamsogezea Corinne kikombe.

"Onja. Ikoje?"

Corinne akaonja. Neno la uongo kama lile la zamani lilimjia ulimini, tamu, laini, tayari kutoka. Akalimeza.

"Mbaya," alisema. "Karafuu zimezidi. Na ina makapi."

"Inakwaruza koo."

"Najua."

"Ni mbaya sana, Corinne."

"Najua, Emmett. Nisamehe."

Mkono wa Emmett uliingia kwenye mfuko wa koti, ukakaa humo kidogo kama unaoshika kitu kidogo, kisha ukatoka mtupu. Bi Verna, aliyekuwa ameapa kutoikaribia meza ile, alikuja kimyakimya akavuta kiti, akaketi kando ya Corinne.

"Shamba lile," Corinne aliuliza, maana ndilo lililokuwa likimchoma, "utalifyeka?"

"Sijaamua." Emmett alikunywa tena ile krimu mbaya, akakunja uso, akanywa tena. "Kule chini yamebaki mazima?"

"Machache."

"Basi Ijumaa sitakuletea boga."

Moyo wa Corinne ulishuka. Akatikisa kichwa kukubali. Alikuwa amestahili.

"Nitakuja na chujio," Emmett alisema.

Akabeba kreti lake, akaondoka kuelekea ghalani bila kugeuka. Bi Trudy alianza kudai kahawa yake, lakini Bi Verna akainua kidole kumnyamazisha. Kutoka ghalani ulisikika mluzi, mfupi. Ukakatika. Corinne akashusha pumzi, akabaki ameshika kikombe kwa mikono miwili. Baada ya kitambo ukaanza tena.