Mtawa Mwenye Njaa wa Aldminster

Harufu ya ngozi ya kondoo iliyolowa ilianza jikoni siku ya Jumanne, mchana kweupe. Glenys Hobday alifungua dirisha, lakini haikutoka. Akamuuliza bintiye wa miaka tisa, Tamsin, kama aliingiza mbwa wa watu. Tamsin akasema hapana, akaendelea na kipande chake cha nne cha mkate.

Glenys alikuwa mfagizi katika maktaba ya kanisa kuu la Aldminster. Humo, ndani ya sanduku la kioo, mlikuwa na kitabu cha mashairi kilichonakiliwa kwa mkono juu ya ngozi ya kondoo miaka mia saba nyuma, na watu walivuka bahari kuja kukitazama. Pambizoni mtawa aliyekinakili alikuwa ameandika ya kwake: Nina njaa. Wageni wakisomewa hapo, walicheka. Jumatatu ile Glenys, ambaye tangu juzi alikuwa akiishi kwa chai tupu ili mtoto ale, aliinama juu ya kioo akanong'ona, "Hata mimi, ndugu yangu."

Kumbe alikuwa amemkaribisha.

Kuanzia hapo chakula hakikushibisha mtu. Alhamisi alipanga foleni ya msaada, akarudi na maharage na shayiri. Tamsin alikula akakonda, akala tena, mbavu zikahesabika. Kisha jioni moja, jua bado lipo, Glenys aliingia jikoni akamkuta mtoto ameinamia bakuli, kijiko kinapanda na kushuka, na nyuma ya kiti chake, pasipo na mtu, kinywa kingine kinatafuna, polepole, kama cha mzee asiye na meno, na kila Tamsin alipomeza, nacho kikameza.

Glenys hakupiga kelele. Hata woga unataka nguvu.

Alimwendea Kasisi Wilfred Aske, mzee mstaafu aliyesifika kwa kusafisha nyumba za watu. Akaja, akanyunyiza maji, akasali hadi sauti ikamkauka. Harufu haikusogea.

"Huyu hafukuziki," alisema kwa sauti ya chini. "Aliitwa. Atatoka akiitwa kwingine."

"Nani atamwita, baba?"

"Mimi sina mtoto."

"Atakumaliza."

"Kabati zangu zimejaa. Tutaona nani atachoka kwanza." Akageukia nafasi tupu nyuma ya kiti. "Twende kwangu, ndugu. Meza iko tayari."

Harufu ikamfuata mlangoni. Usiku ule Tamsin aliacha nusu ya mkate, akalala.

Glenys alikusudia kwenda kumjulia hali. Kila siku alikusudia. Wiki ya sita jirani wa mzee alimpa ufunguo, akamwambia haonekani.

Kasisi Aske alikuwa ameketi mezani, amekufa, mwepesi kama kapu, sahani tano zimelambwa mbele yake. Glenys alimfunika uso kwa kitambaa cha meza. Akapiga simu polisi. Wakamwambia asubiri nusu saa.

Alisubiri kidogo, kisha akafungua kabati. Mlikuwa na dagaa wa mkebe, jamu, unga, chai, vyote vimepangwa vizuri. Alianza kujaza mfuko wake. Hakuona aibu wala huzuni. Alijiangalia akifanya, basi.

Nyuma yake, mezani, kitu kikaanza kutafuna.

Glenys hakugeuka. Aliongeza mkebe wa nyama, akafunga zipu.