Jina Lililotokea Kwenye Simu

Haya yalimpata rafiki yangu Tadala, kule Zomba, akiwa na mimba ya miezi minane. Namba asiyoijua ilikuwa ikimpigia tangu asubuhi, na kila akipokea alisikia maji tu yakibubujika.

"Wifi, acha woga," Zione, dada wa mumewe, alimwambia. "Jifanye unamtumia pesa kwa simu, kwacha hamsini tu. Jina la mwenye namba likitokea, ghairi."

Umeme ulikuwa umekatika, na wingu la mvua limetia giza chumbani. Tadala akabonyeza. Likatokea jina: Mtisunge Kaphuka.

"Kaphuka ni ukoo wetu! Ila huyu Mtisunge ndiye nani?" Zione akauliza.

Ndilo jina Tadala alilomchagulia mtoto wake kimoyomoyo, bila kumwambia yeyote.

Simu ikaita tena. Safari hii alisikia moyo mdogo ukidunda mbiombio. Na tumboni, mtoto aliyekuwa akirusha mateke tangu asubuhi akatulia tuli.