Barabara Iliyokuwa Chini ya Muhogo

Katika mtaa wa Kumgera, pembeni mwa mji wa Kasulu, hakuna aliyejua kufunga ndizi kwenye baiskeli kama Ildefonsi. Hata wasiompenda walikubali hilo. Mikungu miwili kushoto, miwili kulia, na mmoja juu ya keria. Yote aliikaza kwa mipira ya tairi kuukuu. Mizigo ya wenzake ilicheza njiani, lakini wa Ildefonsi ulitulia tuli.

Mkewe Apoline ndiye aliyeishika baiskeli wakati wa kufunga. Na mdomo wake haukukaa kimya.

"Kaza huo wa chini, Baba Prudence. Unalegea."

"Haulegei. Ni macho yako tu."

"Macho yangu ndiyo yaliyokuchagua wewe. Kaza!"

Ildefonsi alicheka, akakaza.

Kutoka kwao hadi sokoni kuna mlima. Siku hizi barabara ya lami inapanda mlima huo moja kwa moja. Kwa gari ni raha tupu. Kwa baiskeli yenye mikungu mitano, jamani, ni kazi ya kutoa roho. Kwa hiyo wabeba ndizi walikuwa na ujanja wao. Walisubiri chini ya mlima mpaka lori lipite. Malori yanayotoka Kibondo hufika hapo yamelemewa, yanapanda polepole. Mbeba ndizi alishika nyuma ya lori kwa mkono mmoja, na usukani kwa mkono wa pili. Lori likamvuta mpaka juu. Hilo waliliita kudandia.

"Petroli ya bure!" walipiga kelele, na watoto wakawashangilia.

Apoline hakushangilia. Shamba lake la muhogo lilikuwa ubavuni mwa mlima, na kutoka pale aliiona lami yote. Kila asubuhi mumewe alipodandia, Apoline aliacha kulima. Alisimama na jembe lake mpaka lori livuke kilele. Ndipo alipopumua.

Wala yeye mwenyewe hakuwa mgeni wa baiskeli. Alipokuwa msichana, kwao karibu na Manyovu, alipeleka mahindi mashineni kwa baiskeli ya baba yake, na wavulana hawakumfikia. Lakini tangu lami ije na malori yaongezeke, hakuigusa tena. Aliogopa, na alisema wazi kwamba anaogopa.

Alhamisi moja asubuhi, Ildefonsi alidandia lori lililobeba magunia ya mahindi. Lilipofika katikati ya mlima, mbuzi akakatiza barabara. Dereva akashika breki.

Apoline aliona yote. Aliona tairi la mbele la baiskeli likiingia chini ya lori. Aliona mikungu ikitawanyika na mumewe akianguka juu ya lami. Nyuma yake kulikuwa na lori jingine. Lilipiga breki, likaserereka, likasimama karibu kabisa na kichwa chake.

"Mawe wee, mama yangu! Mume wangu!"

Alitupa jembe, akakimbia kuteremka. Dereva wa lori la mahindi alikuwa ameshashuka.

"Mama, sikumwona," alisema. "Wallahi sikujua kama kuna mtu nyuma yangu."

Ildefonsi alikuwa hai. Hospitali walisema mfupa wa bega umevunjika. Wakamfunga mkono kifuani, wakamrudisha nyumbani. Apoline alimshukuru Mungu kwa sauti kubwa, kisha akamgombeza mumewe kwa sauti kubwa zaidi. Kisha akalia.

Jioni ile alikuja mwenyekiti wa mtaa, Bwana Nurudini. Alitoa pole, akakaa, akakohoa kidogo.

"Baba Prudence, habari si nzuri," alisema. "Wenye malori wamelalamika kwa diwani. Sasa kuna wazo kwamba baiskeli za mizigo zipigwe marufuku mlimani. Tutalizungumza Jumamosi, kwenye mkutano wa mtaa."

Ildefonsi aliinuka kitini, maumivu yakamrudisha chini. "Wakitukataza, tule nini? Ndizi hazina miguu, Mwenyekiti!"

"Najua. Njooni mkutanoni mseme."

Apoline alikuwa anawafikiria watoto na ada zao, na ile baiskeli iliyopinda iliyoegemezwa ukutani.

Asubuhi yake alifika jirani yao Asmahani. Msichana huyo alizaliwa mjini Kasulu, katika nyumba ya wauza vitambaa. Watu walidhani atauza vitambaa kama dada zake, lakini yeye alisomea ujenzi wa barabara, na sasa ni fundi wa halmashauri. Alipiga makofi taratibu kama Waha wafanyavyo wakisalimiana kwa heshima.

"Mwakeye, Mama Prudence! Shikamooni."

"Marahaba, mwanangu. Pita ndani umwone huyu shujaa wa petroli ya bure."

Asmahani alicheka, lakini alipouona mkono wa Ildefonsi akaacha kucheka.

"Baba Prudence, unajua kwa nini dereva hakukuona? Dereva wa lori hutazama nyuma kwa vioo vya pembeni. Ukishika mkia wa lori, vioo havikuoni. Kwake wewe ni kama hupo. Akishika breki ghafla, huna nafasi ya kusimama. Na wa nyuma yako hajui kama utaanguka."

"Nisipodandia, sifiki juu," alisema Ildefonsi. "Ule mlima unasimama kama ukuta."

"Unasimama kwa sababu lami imepanda moja kwa moja. Zamani watu walipandaje?"

"Kwa barabara ya zamani. Ilizunguka mlima. Ndefu kidogo, lakini ilipanda taratibu. Mimi nilipita na mikungu mitano bila kushuka hata mara moja."

"Basi hiyo ndiyo dawa!" Asmahani alipiga goti lake. "Ile ingefaa kuwa njia ya baiskeli na ya waenda kwa miguu. Magari yabaki kwenye lami. Mambo ya kuwafukuza waendesha baiskeli hayana maana, nao wana haki ya kupita. Kwa nini hamuitumii?"

Ildefonsi alitazama chini. Kisha akamtazama mkewe, polepole, kama anayeogopa kuamsha mtoto.

"Mwulize Mama Prudence," alisema. "Iko chini ya muhogo wake."

Ni kweli. Barabara ya zamani ilipoachwa, watu waliigawana. Apoline alichukua kipande cha chini, akalima muhogo. Badru, mfyatua matofali, alichukua kipande cha juu, akajenga tanuri lake. Walisema barabara iliyoachwa haina mwenyewe. Na Apoline alikuwa ameutolea jasho udongo ule. Ulikuwa mgumu kama sakafu, akaubomoa kwa jembe na kuulainisha kwa samadi. Sasa muhogo wake ulikuwa umemfika kifuani. Bado haujakomaa, lakini kila aliyepita aliusifu.

"Hata hivyo, hiyo bado ni ardhi ya barabara," Asmahani alisema kwa upole. "Ni mali ya wote. Lakini sisemi ung'oe, mama. Nimeulizwa, nimejibu."

Baada ya Asmahani kuondoka, Apoline alikwenda shambani. Alitembea katikati ya matuta akigusa majani. Kila mmea aliujua. Alikasirika. Kwa nini yeye? Kwa nini wasianze na Badru? Kisha akageuka, akaitazama lami. Lori lilikuwa linapanda, na nyuma yake amening'inia kijana mwenye mikungu mitatu. Apoline akajikuta amesimama vilevile kama kila siku, amebana pumzi, akisubiri lori livuke kilele. Safari hii hakuwa mumewe. Alikuwa mume wa mtu mwingine, na moyo ulimdunda vilevile.

"Haya basi," alisema kwa sauti, ingawa alikuwa peke yake. "Imetosha."

Jumamosi darasa la shule lilijaa. Wabeba ndizi walikuja, wenye malori walikuja, na diwani akakaa mbele. Maneno yakawa moto. Mmoja alisema baiskeli ni kero. Mwingine akajibu kero ni malori. Asmahani akapewa nafasi. Akaeleza kwamba ipo njia ya tatu, akaieleza barabara ya zamani.

Badru akasimama. "Maneno matamu hayo! Lakini mbona hamsemi kwamba muhogo wa Mama Prudence umekaa humo? Mke wa mwenye baiskeli ndiye aliyeziba njia ya baiskeli. Aanze yeye kwanza, ndipo mje kwangu."

Watu walicheka. Ildefonsi alitaka kujibu, lakini Apoline alishainuka. Alipita katikati ya madawati amebeba kikapu kichwani. Akakitua mbele ya diwani. Kilikuwa kimejaa mizizi myembamba ya muhogo mchanga, bado ina udongo mbichi.

"Badru amesema kweli," alisema. "Mimi ndiye niliyeziba njia. Nilikuwa nasimama shambani kila asubuhi nikimwombea mume wangu asife kwenye lami, na njia yake salama nimeikalia mimi mwenyewe. Leo tangu alfajiri nimeng'oa. Nusu nzima. Nusu nyingine ni kesho, baada ya misa. Mwenyekiti, nenda kaangalie barabara yako. Imeanza kuonekana."

Hakuna aliyecheka tena. Mzee mmoja akaanza kupiga makofi taratibu, yale ya heshima, na darasa zima likamfuata. Badru alikaa. Alikuna kichwa kwa muda mrefu.

"Mama Prudence umenikaba koo," alisema mwisho. "Tanuri nalo litatoka. Lakini lina moto. Nipeni wiki lipoe."

Mwenyekiti Nurudini aliandika kwenye muhtasari kwamba mkutano umeomba njia ya baiskeli. Asmahani alimweleza kila mtu kwa nini hilo ni muhimu. Ombi la mtu mmoja husahaulika, lakini ombi la mkutano wa mtaa linakwenda kwenye kata, na diwani hulibeba hadi halmashauri. Marufuku ikawekwa kando. Wabeba ndizi, kwa upande wao, waliapa mbele ya wote kwamba hakuna tena kudandia.

Kazi ikaanza. Kila kaya ilitoa mtu mmoja mwenye jembe au koleo. Asmahani alivaa mabuti ya mpira, akawaamrisha wanaume wazima kama mwalimu wa zamu.

"Mtaro uwe upande wa mlima! Maji yanatoka juu, yakamateni kabla hayajavuka njia. Na katikati ya njia painuke kidogo, maji yamwagike pembeni. Maji yakilala barabarani, barabara inakufa."

Badru alileta matofali yaliyovunjika, wakajaza mashimo. Tena alileta mengi kuliko aliyoombwa, na hakuacha kulisema hilo. Halmashauri ikaleta kifusi. Pale njia inapokutana na lami, ikachora kivuko na kuweka matuta ya kupunguza mwendo wa magari. Kila mwisho wa njia wakasimamisha nguzo za zege. Baiskeli yenye mzigo inapita katikati yake, gari halipiti.

Waendesha baiskeli nao walifunzwa. Walijua kwamba mtu wa miguu hutembea kulia ili ayaone magari yanayokuja. Wengi walidhani baiskeli nayo ni hivyo. Asmahani aliwasahihisha. Baiskeli huenda kushoto, upande mmoja na magari, kwa sababu nayo ni chombo cha barabara. Wakakagua breki zao, wakabandika vipande vinavyong'aa nyuma ya keria.

Siku Ildefonsi alipopona, akainyoosha baiskeli yake na kupakia tena, mtaa mzima ulitoka kumtazama. Alifunga mikungu mitano, akakaza huo wa chini kabla ya kuambiwa. Alipanda barabara ya zamani taratibu, mikono yote miwili kwenye usukani. Alipofika juu akapiga kengele, ikasikika mpaka kwake nyumbani. Alikuwa hajashuka hata mara moja.

Lakini bado kulikuwa na jambo moja. Apoline alikuwa ameitunza miti ya muhogo wake, maana muhogo hupandwa kwa miti yake. Mama mkwe wake ana kipande cha ardhi bondeni, ng'ambo ya mlima. Kwa miguu, na mzigo kichwani, hapafikiki kirahisi.

Jumatatu asubuhi Ildefonsi aliifunga miti ile kwenye keria. Mkewe akaishika baiskeli, kama siku zote. Mume akataka kupanda.

"Sogea," alisema Apoline.

"Unakwenda wapi?"

"Kupanda muhogo wangu. Sogea, Baba Prudence."

Akavuta kitenge, akakikaza vizuri, akapanda. Mita chache za mwanzo baiskeli iliyumba, na watoto wakapiga kelele. Kisha miguu ikakumbuka. Akapita katikati ya nguzo, akashika kushoto, akaanza kupanda mahali palepale alipokuwa akisimama na jembe akibana pumzi.

"Kaza huo wa chini!" Ildefonsi alimpigia kelele kwa nyuma. "Unalegea!"

"Haulegei!" alijibu bila kugeuka. "Ni macho yako tu!"

Kule kwenye lami lori lilikuwa linakoroma, linapanda peke yake. Apoline hakulitazama. Chini, Ildefonsi alisimama katikati ya njia, bega lake zima, akimpigia mkewe makofi ya heshima mpaka alipopotea kwenye kona.