Jante za Arusi ya Joviale

Kila asubuhi Jean-de-Dieu alitia bidon moja, dumu dogo la essence, yaani petroli, katika taxi yake, akashuka kutoka mtaa wake wa Kadutu, akabeba watu hadi saa sita. Miaka saba ilikuwa vile. Taxi ilikuwa ndogo na ya zamani, lakini milima yote ya Bukavu ilikuwa imeizoea.

Mwezi huo binti yake Joviale alikuwa anaolewa katika kijiji cha Miti. Na huku, arusi bila cortège si arusi. Magari yanafuatana, honi zinalia, watu wa barabarani wanapima gari la mbele kwa macho. Gari la mbele lingekuwa la baba. Kwa hiyo Jean-de-Dieu alinunua magurudumu mengine: matairi makubwa, mapana, na jante, ile chuma ya katikati, zinazong'aa kama sinia mpya. Yale ya zamani aliyalaza nyuma ya nyumba.

Mke wake Mapendo alicheka. "Papa Joviale, gari yako imevaa viatu vya mukubwa wake!"

"Cheka tu. Watu wa Miti watanyamaza."

Lakini tangu siku ile bidon ilikuwa inaisha saa tano. Jean-de-Dieu alisema wauzaji wa essence wanapunja.

Siku ya mercredi, Jumatano, alimpeleka Joviale Miti kuchukua robe ya arusi kwa mushonaji. Zamani bidon moja ilitosha kwenda na kurudi. Safari hii, walipokuwa wanarudi, gari lilikohoa kwenye mulima, likazima. Joviale aliinua robe juu ya magoti, matope chini.

"Papa," alisema, "samedi ya arusi nitafika kanisani na miguu?"

Baba alishuka garini. Alinunua chupa ya essence kando ya barabara, wakafika Nyawera kwa Maman Bintu. Maman Bintu ni kwado, ndiye anayetengeneza matairi ya nusu ya mtaa. Hakufungua hata moteri. Alichukua gurudumu dogo kwenye fungu lake.

"Papa, beba hii."

Jean-de-Dieu alilibeba kwa mkono mmoja. Maman Bintu akafungua gurudumu moja la taxi.

"Sasa hii."

Alilibeba kwa mikono miwili, akaguna.

"Umesikia? Njo vile gari inaguna. Kila ukisimama kuchukua mutu, moteri inaanza upya kuzungusha huu uzito. Kila mulima inaupandisha. Na hii tairi pana inajivuta kwa barabara. Moteri inafanya kazi mingi, inaomba essence mingi."

"Lakini compteur, hii saa ya kilometa, inaonyesha natembea kidogo kuliko zamani!"

"Compteur inahesabu mizunguko, Papa. Gurudumu kubwa inazunguka mara kidogo kwa njia ileile. Basi compteur inadanganya. Lakini barabara ya Miti haikurefuka, na wewe uliishiwa."

Alifungua mlango wa dereva, akaonyesha karatasi ndogo iliyobandikwa pale. "Wenye kuunda gari waliandika hapa kipimo cha tairi na cha upepo. Jante ya kununua si mubaya, kama iko nyepesi na inafuata hiki kipimo. Na upepo upime asubuhi, tairi ingali baridi. Tairi yenye upepo kidogo inakula essence vilevile."

"Na cortège, Maman?"

"Nani anaoa jante?"

Joviale alicheka mara ya kwanza siku ile.

Nyumbani, Jean-de-Dieu alikwenda kuchukua magurudumu ya zamani. Matatu yalikuwa wazi. Ndani ya la nne kuku wa Mapendo alikuwa ameatamia mayai kumi.

"Usimuguse!" Mapendo alisema. "Weka tatu ndogo, moja kubwa ibaki."

"Hapana. Zote ine lazima zilingane, ao gari itatuangusha."

Mapendo alifikiri. Jioni, Jean-de-Dieu alipofungua magurudumu makubwa, alilaza moja chini, jante yake inang'aa, akatandika majani ndani, akahamisha mayai moja moja. Kuku akazunguka mara mbili, akakaa.

Samedi, Jumamosi ya arusi, taxi ilitangulia cortège, maua mbele, magurudumu madogo yameoshwa kwa sabuni. Ilipanda hadi Miti, Joviale akashuka mbele ya kanisa na robe nyeupe bila tone la matope. Ilirudi Kadutu kwa bidon ileile. Hakuna aliyeuliza habari ya jante.

Siku chache baadaye Mapendo aliita kutoka nyuma ya nyumba.

"Papa Joviale, kuja uone! Jante yako imezaa!"

Vifaranga tisa walikuwa wanalia ndani ya ile chuma inayong'aa.

"Unaona?" Mapendo alisema. "Hapa iko na kazi, na hainywi essence."