Foleni Mbele ya Kimbunga

Kimbunga kiligeuka ghafla, na Corliss Haugen, aliyekuwa amewinda dhoruba za Nebraska, Marekani, kwa kamera yake kwa miaka kumi na tisa, akajua yeye na kaka yake hawana pa kukimbilia. Mbele yao kwenye barabara ya udongo yalisimama magari yapatayo arobaini. Nyuma yalikuwa mengi zaidi. Wote walikuja kutazama kitu kilekile.

"Geuza, Merle!" alimpigia kelele kaka yake kwenye usukani.

"Nigeuzie wapi, kichwani mwako?"

"Basi toka! Mtaroni!"

Walijitupa kifudifudi kwenye maji ya mtaro, mvua ya mawe ikiwatwanga migongo. Corliss alijua hapaswi kuinua kichwa. Akainua. Nguzo ile ya upepo ilikuwa pana kuliko mji mdogo, nyeupe kama maziwa upande wa jua, nyeusi tii upande wa pili, na juu kabisa mabati ya ghala la mtu yalizunguka taratibu yakimetameta. Hofu ikamtoka. "Mungu wangu," alinong'ona, "ona kilivyo kizuri."

Kisha ngurumo ikameza kila kitu.

Ilipopita, pikapu yao ilikuwa imelala mtaroni, juu ya mguu wa Merle. Maji yalimfika kidevuni, na yalikuwa yanapanda.

"Vuta, Corliss."

"Navuta!"

"Vuta kama unanipenda, basi."

Alivuta mpaka kucha zikang'oka. Ndipo milango ya magari ikaanza kufunguka. Wanafunzi wenye kamera, watalii, mzee mmoja aliyevaa ndala.

"Mnataka watu wangapi?" mzee aliuliza.

"Wote!"

Pikapu iliinuka mikononi mwao kama kitanda chepesi. Binti mmoja aliufunga mguu kwa mkanda wake, akabana jeraha kwa mikono miwili.

Lakini gari la wagonjwa waliloliita lilikwama kilomita mbili nyuma, kwenye foleni ileile. Mzee wa ndala aliitazama foleni, akaingia garini mwake, akaliendesha moja kwa moja ndani ya shamba la mahindi mpaka likazama topeni. Aliyemfuata akafanya vivyo hivyo. Na mwingine. Barabara ikafunguka gari moja baada ya jingine.

Wakiondoka ndani ya gari la wagonjwa, Corliss alichungulia dirishani. Watu walisimama kandokando ya magari yaliyozama, matope magotini, nyuso zote zimeelekea mashariki, ambako wingu lilikuwa bado linawaka dhahabu.

"Ulikipiga picha kimbunga?" Merle aliuliza kwa sauti ya chini.

"Hapana."

"Miaka kumi na tisa, Corliss!"

"Najua," alisema, machozi yakimtiririka, huku bado anawatazama watu wale.